Alinipa Namba Mbili

Mapenzi na siasa tumezoea kuyasikia kwa waheshimiwa. Mheshimiwa kagombea jimbo, mkewe kagombea viti maalumu, wakifika nyumbani hawasemeshani. Sisi huku chini tunasoma magazetini na kucheka. Basi mwenzenu yalinikuta, tena si kwenye jimbo wala kata. Yalinikuta kwenye klabu ya wanafunzi ya teknolojia ya ubongo, kwenye nafasi ambayo hata mlinzi wa jengo hajui kama ipo.

Nianze na klabu yenyewe, maana najua kuna mtu ameshajiuliza ubongo na kura vinakutana wapi.

Nasoma Uingereza, kwenye chuo ambacho sitakitaja. Wanafunzi wa huku wana vyama vya kila kitu: vya kuigiza, vya kupanda milima, hata vya wapenda jibini, na siku hizi baadhi ya vyuo vina cha nyuroteknolojia. Neno refu, lakini jambo lenyewe si la kutisha. Ni vifaa vinavyosoma umeme wa ubongo na neva, au vinavyoupelekea ubongo umeme kidogo, kwa ajili ya kutibu au kuendesha mashine. Kile kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio la kiziwi, kikaamsha neva ya kusikia, ni nyuroteknolojia. Ule waya mwembamba unaoingizwa ndani kabisa ya ubongo ili mkono wa mgonjwa uache kutetemeka, kazi iliyoshika kasi kutoka Grenoble, Ufaransa, tangu mwaka 1987, nao ni mambo hayohayo.

Sisi wanafunzi haturuhusiwi kumfungua mtu kichwa, alhamdulillahi, kwa hiyo tunacheza na kofia. Kofia ina vidude vidogo vya chuma, elektrodi, vinavyogusa ngozi ya kichwa na kupeleka umeme kwenye kompyuta, halafu kompyuta inachora mawimbi. Wa kwanza kuyarekodi mawimbi hayo kwa binadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, huko Jena mwaka 1924. Alikaa nayo kimya miaka mitano, akayatangaza mwaka 1929.

Umeme wenyewe ni mdogo mno, makumi machache ya mikrovolti, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Ukipepesa jicho tu, umeme wa jicho unafunika kila kitu. Ukiuma meno, skrini inakuwa kama redio isiyokamata stesheni. Lakini ukikaa kimya ukafumba macho, kwa nyuma ya kichwa yanatokea mawimbi yaliyojipanga vizuri, 8 mpaka 12 kwa sekunde. Yanaitwa alfa. Ukifumbua, yanapotea. Mara ya kwanza kuiona alfa ya mtu ikija na kuondoka hivyo, nilisisimka mwili mzima.

Nimesema alfa ya mtu. Yangu sikuiona.

Rasta za pauni 90

Nilikuwa nimesuka rasta, zile ndogondogo za kukaa kwa msusi mpaka miguu inakufa ganzi. Kofia ikakaa juu kama sufuria kwenye mafiga mabovu. Elektrodi inataka kugusa ngozi, zangu zilikuwa zinagusa nywele za bandia. Kwenye skrini laini zote nyekundu. Kijana aliyekuwa anatuonyesha, mstaarabu kabisa, akasema, "Pole, labda siku nyingine ukiwa umezifungua." Akamwita anayefuata, mwenye nywele laini fupi, na baada ya dakika mbili mawimbi hayo.

Jamani, nani anafumua rasta za pauni 90 kwa ajili ya dakika mbili za kofia?

Hata hivyo sikuumia kwa ajili yangu. Nilimkumbuka mdogo wangu. Ana kifafa tangu darasa la tano. Duniani kuna watu karibu milioni 50 wenye kifafa, na wengi wao wako kwenye nchi kama zetu, lakini kwetu ugonjwa huu bado unazungukwa na maneno: ametupiwa, ana mapepo, usimguse akianguka, povu litakuambukiza. Uongo mtupu. Kifafa hakiambukizi, na mtu akianguka anahitaji mkono wako kuliko siku nyingine yoyote. Siku aliyopelekwa kupimwa umeme wa ubongo, kwenye hospitali ambayo nayo naihifadhi, yeye na mama walitoka nyumbani alfajiri. Nauli, foleni, jua la mchana. Walipofika mbele wakaambiwa warudi akiwa amefumua nywele, ameziosha, na hana mafuta kichwani. Hakuna aliyewaambia mapema. Tarehe nyingine ikawa baada ya wiki sita, na katikati ya hizo wiki sita akaangukia jiko la mkaa, akaungua mkono.

Sisemi kwamba kipimo kingezima moto. Kipimo hakitibu. Nasema tu kwamba kovu lile nalijua lilivyo, na siku ile nilipoona laini nyekundu kwenye skrini ya watu wanaocheka, nililiona.

Basi nikaanza kusoma. Kumbe kuna mwenzetu alishalivalia njuga. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon kule Pittsburgh, yeye na wenzake walitoa mwaka 2020 matokeo ya elektrodi walizoziita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Unajua walifanyaje? Walisuka! Mistari kama ya twende kilioni, imepangwa ipite pale ambapo elektrodi zinatakiwa kukaa, ngozi ikabaki wazi katikati ya msuko na msuko, halafu vibanio vinajishikiza chini ya misuko na kuikandamiza elektrodi isicheze. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka watu wakageuka. Miaka karibu 100 tangu Berger, madaktari na maprofesa wao wote, halafu jibu linatoka kibarazani ambapo mama anamkamata mtoto kwa magoti akimsuka Jumapili jioni.

Injinia

Hapo ndipo anapoingia yeye. Jina lake nalihifadhi, tumwite Injinia. Kijana wa Mombasa, mrefu, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Tulijuana kwenye klabu hiyohiyo. Wiki ya kwanza aliniita dada, wiki ya sita akaniita kipenzi, na mimi nikaitika. Sitaki umchukie, kwa sababu hakuwa mtu wa kuchukiwa. Alikuwa ananisindikiza mpaka kituo cha basi theluji ikinyesha, na alikuwa anapika biriani. Kwenye baridi ile, msomaji wangu, mwanaume wa kukupikia biriani ni nusu ya visa.

Februari 2025 uteuzi ukafunguliwa. Huku klabu ya wanafunzi haiongozwi kwa kuelewana. Ni lazima iwe na rais, katibu na mweka hazina, halafu kwetu kuna nafasi nyingine za ziada: wa matukio, wa matangazo, na mtunza vifaa. Kila mwaka uchaguzi, kila mwaka makabidhiano. Wanaopiga kura ni wanachama waliolipa ada tu.

Kila mtu anautaka urais, kwa sababu rais ndiye anayesimama katikati kwenye picha. Mtunza vifaa anakaa na ufunguo wa kabati. Anahesabu elektrodi, anaosha kofia zenye jeli iliyokauka, anajaza fomu ya tathmini ya hatari kila mtu anapotaka kuwekewa waya kichwani. Kazi ya kuchosha na isiyo na sifa. Lakini ni yeye anayeandika orodha ya manunuzi ya mwaka, na kwenye orodha ile ndipo inapoamuliwa kichwa cha nani kitasomeka. Mimi nililitaka kabati.

Jioni moja Injinia akaja na karatasi. Yeye urais. Akaanza kunisomea safu yake kama anatangaza timu ya taifa.

"Wewe nimekuweka ukatibu."

"Umeniweka?"

"Ndiyo. Mwandiko wako mzuri."

Mwandiko! Kumbukumbu za vikao zenyewe zinaandikwa kwa kompyuta. Nikamwambia asante, lakini mimi nataka vifaa. Akanyamaza kidogo, akaizungusha kalamu vidoleni.

"Hiyo nimeshamwahidi ndugu yangu."

Ndugu yangu huyo ni rafiki anayekaa naye nyumba moja. Kijana mzuri tu, anajua sana mambo ya saketi, ila kabati lenyewe sidhani kama alikuwa amewahi kulifungua.

"Mwambie basi tutakutana kwenye kura," nikasema, kwa utani bado.

Hakucheka. "Ukisimama kushindana na mtu wangu, watu watasema huyu nyumba yake imemshinda, ataiweza klabu?"

"Nyumba ipi, Injinia? Mimi nakaa hosteli."

Akaondoka na biriani yake haijaliwa.

Siku tano akanichunia. Anajibu ujumbe kwa neno moja: sawa. Wanaume wa aina hii mnawajua. Hagombani, hatukani, anakuacha uchemke mwenyewe mpaka uombe radhi kwa kosa usilolijua. Shosti wangu wa Tanga, tunayepanga naye, akanishauri kwa uchungu wa kweli kabisa: "Shoga, mwanaume wa kupika hapatikani. Kabati litakupikia?"

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unagombea. Umeenda huko kusoma au kutafuta ubunge?"

Nikamweleza yote, kofia, rasta, jeli, Injinia. Akawa kimya kwa muda, nikadhani simu imekata.

"Hiyo kofia ndiyo ile ya mdogo wako?"

"Si yenyewe, mama. Ni jamaa yake."

"Basi gombea. Huyo kaka akinuna, kununa si ugonjwa."

Nikajaza fomu usiku ule.

Kampeni bila pilau

Kwetu ukisema unagombea, swali la kwanza ni pilau iko wapi. Huku unaandika ilani ya maneno 250, unaweka picha, unangoja mkutano mkuu. Ilani yangu ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, mwaka huo tusinunue kofia mpya ya bei mbaya. Tununue elektrodi zenye meno marefu kama kitana, zinazopenya kwenye nywele nzito, pamoja na zile za kikombe za kubandika kwa lami yake ya kupitisha umeme, na tujifunze kuzitumia kwenye nywele zilizosukwa. Kwa mwenye nywele za bandia zilizobana bado ni shida, na niliandika hivyohivyo, sikutaka kuuza mbuzi kwenye gunia.

La pili lilikuwa mafaili. Kila aliyevaa kofia, mawimbi yake yalikuwa yanahifadhiwa kwa jina lake kamili kwenye folda iliyo wazi kwa wanachama wote. Nikaandika kwamba majina yatolewe, ziwekwe namba, na mwenye kichwa akitaka chake kifutwe, kifutwe. Wengine waliona namaliza maneno yangu kwa jambo la kipuuzi. Lakini Chile iliingiza ulinzi wa shughuli na taarifa za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021, na Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zikapitisha mapendekezo ya maadili ya nyuroteknolojia. Kama nchi zinakaa vikao kwa jambo hilo, sisi tunaoshindwa kubadilisha jina la faili tuna udhuru gani?

Halafu nilifanya kitu ambacho Injinia alikiita mchezo wa saluni. Kuna dada wa Nigeria kwenye klabu, naye alishawahi kuambiwa "labda siku nyingine". Nilimwomba aje na nywele zake mwenyewe, zimeoshwa, hazina mafuta. Nikamkalisha kwenye chumba cha klabu saa moja kabla ya mkutano mkuu, nikachukua kitana cha mkia, nikapima kichwa kwa utepe kama inavyotakiwa, kuanzia kwenye mzizi wa pua mpaka kwenye kile kinundu cha kisogoni, nikaweka alama, nikasuka kufuata alama. Mistari sita tu. Watu walianza kuingia wakanikuta nina kitana mdomoni. Nikabandika elektrodi mbili kisogoni, katikati ya mistari, nyingine nyuma ya masikio, nikazishikiza kwa vibanio vya dukani.

"Fumba macho, dada."

Akafumba. Sekunde moja, mbili. Halafu alfa ikaja, imejaa, mawimbi yamepangana kama jino la msumeno. Yule dada aliposikia watu wanashangilia akafumbua macho aone, na alipofumbua ikapotea, akalalamika kwamba yeye peke yake ndiye hakuiona. Ikabidi tumrudie na kumrekodia.

Mkutano mkuu ukaanza. Injinia alizungumza vizuri, lazima niseme. Alianza na Matt Nagle, kijana wa Marekani aliyepooza kuanzia shingoni, ambaye mwaka 2004 alipandikizwa vijisindano kwenye ubongo akaweza kusogeza mshale wa kompyuta kwa kufikiri tu. Akaja mpaka kwa Noland Arbaugh, ambaye Januari 2024 alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha kampuni ya Neuralink, akaonekana akicheza sataranji kwa mawazo. Ukumbi ulikuwa mkononi mwake. Nilipiga makofi, na yalitoka moyoni. Unapompenda mtu, ufasaha wake unakuwa kama wako.

Zamu yangu nilipewa dakika mbili. Kijana mmoja nyuma akauliza swali ambalo nilijua litakuja: kwa nini klabu itumie hela nyingi kwa ajili ya watu wachache? Hela zenyewe zilikuwa kama pauni 700 kwa mwaka, lakini tusibishane. Sikumjibu. Niliomba kila aliyewahi kupata laini nyekundu na kuambiwa asubiri ainue mkono. Ikainuka yangu, ya dada wa Nigeria, ya Mjamaika mwenye dredi. Halafu ikainuka ya Mgiriki mwenye nywele za mizunguko, ya msichana wa Kihindi mwenye nywele nene mpaka kiunoni, na mwisho, taratibu, ikainuka ya mweka hazina aliyekuwa anamaliza muda wake. Mwaka mzima alikuwa amelipia kofia ambazo hazikumsoma.

Injinia alikuwa anaangalia simu yake.

Namba mbili

Sasa hapa naomba unifuatilie, maana kisa chote kiko kwenye hesabu. Huku hawaweki alama ya vema kwa mtu mmoja. Unawapanga wagombea kwa namba: unayemtaka zaidi namba 1, akikosa huyo basi namba 2, na kuendelea. Kwenye kila nafasi kuna na mgombea asiye mtu, anaitwa "fungua upya uteuzi", kwa wale wasiomtaka yeyote. Kura zinahesabiwa kwa namba 1. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa, na karatasi zake zinahamia kwa waliopewa namba 2. Lakini karatasi yako haihami kama namba 1 wako bado yumo.

Kwenye vifaa tulikuwa watatu: mimi, rafiki yake Injinia, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Duru ya kwanza rafiki alipata 27, mimi 24, mwaka wa kwanza 11, na huyo asiye mtu akapata 1. Wawili wa mwisho wakatolewa. Katika karatasi zao, 8 zikaja kwangu, 3 zikaenda kwa rafiki, moja haikuwa na namba ya pili. Mimi 32, yeye 30. Nikalichukua kabati kwa kura mbili. Injinia akapata urais kwa kura nyingi, na mimi nilimpa namba 1.

Tulipotoka, koridoni, akanivuta pembeni. Siku tano za kununa zilikuwa zimekwisha, uso umejaa tabasamu la mshindi. Akanikumbatia.

"Hongera. Na ujue, pamoja na yote, mimi nilikupa namba mbili."

Aliisema kama anayenipa pete.

Nikasema asante. Nikapanda basi, na mle ndani ya basi, kioo kimejaa ukungu, ndipo nilipoipiga ile hesabu. Namba 1 yake alimpa rafiki. Rafiki alibaki mpaka duru ya mwisho. Kwa hiyo karatasi ya Injinia haikuhama kamwe, ilikaa palepale kwenye zile 30 zilizokuwa zinanipinga. Ile namba mbili niliyopewa kwa kukumbatiwa haikuhesabiwa popote. Na yeye anasoma uhandisi, hesabu hiyo anaijua kuliko mimi.

Nimelisimulia hili kwa watu wengi na kila mmoja ana lake. Shosti wa Tanga anasema ahadi ni ahadi, mwanaume anayemgeuka rafiki leo atakugeuka wewe kesho. Kuna ukweli hapo. Kaka yangu anasema kura ni siri, kosa lake ni kuitaja. Kuna ukweli na hapo, tena mwingi. Mimi kura yenyewe hainiumi. Angeniambia kabla, "Nimeshatoa neno langu, siwezi kukupigia, nisamehe," ningemheshimu na tungeendelea. Kilichonikaa ni kwamba alilitoa neno hilo akijua nilivyolisemea kabati miezi mitatu mfululizo, akiwa amekaa kwangu, anakula chai yangu. Alikuwa ananisikia, ila alidhani naongea tu. Halafu akanipa kitu kisicho na uzito na kutegemea nikione kizito.

Tuliachana Aprili, bila ugomvi. Nilimwambia hayo niliyoyaandika hapa. Akasema nachukulia siasa za klabu kama za taifa. Akanirudishia mwavuli wangu.

Kazi lakini haikuisha, kwa sababu kamati ni mwaka mzima na vikao ni kila Jumatano. Ukitaka kujua umepona kwa mtu, kaeni kikao cha bajeti. Oktoba nilipeleka orodha ya manunuzi: elektrodi za meno, elektrodi za kikombe, lami, vibanio, utepe wa kupimia, vitana vya mkia vinne. Injinia akasoma mpaka chini, akanyanyua macho.

"Kitana cha mkia nacho ni nyuroteknolojia?"

"Weka sahihi, mheshimiwa rais."

Akaweka. Na nimtendee haki: wiki iliyofuata alikuja yeye mwenyewe na mwanafunzi mpya, binti wa Kisomali aliyetaka kujaribu ila hakutaka kuvua mtandio mbele ya wavulana. Akaniuliza kwa adabu kama kuna namna. Tulifunga mlango, tukabaki wanawake watupu, tukamwekea. Siku hizi kila mwezi tuna jioni moja ya hivyo, na Injinia ndiye anayelinda mlango. Kama mambo yangekuwa hivi Februari, sijui.

Desemba mdogo wangu akanipigia. Amepangiwa kipimo kingine Januari, daktari anataka kuangalia kama dawa zinafanya kazi. Alikuwa ameshaona picha za dada wa Nigeria na mistari yake sita, nilimtumia mwenyewe.

"Kwa hiyo dada, safari hii niende nimesuka? Nimesuka kilioni, nzuri kweli."

Nikamwambia hapana. Klabu yetu ni ya kujifunzia, si hospitali, na fundi wa kule nilikuwa sijamjua wala kumwonyesha chochote. Nikamwambia afumue, aoshe, asipake mafuta, na mama apige simu siku moja kabla kuuliza tena kama kuna sharti jingine. Akaguna. Akasema wamemsuka juzi tu, shilingi 15,000.

Nikamtumia 20,000, ya kusukia tena akitoka.